Fundi Viyoyozi Akiumia Kazini, Nani Hulipa?

Msimu wa joto unapowadia, maduka ya dawa, nyumba za wageni, ofisi na makazi ya watu hushindana kufunga viyoyozi. Pamoja na ongezeko hilo huongezeka hatari zinazowakabili mafundi wa viyoyozi na majokofu. Kazi yao huwapandisha juu ya ngazi na mapaa, huwakutanisha na umeme, moto wa kuchomelea mabomba ya shaba, na gesi inayohifadhiwa kwa mgandamizo mkubwa. Hata baada ya umeme kuzimwa, kapasita ya mashine yaweza kubaki na chaji ya kumrusha mtu.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inamtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma au binafsi, kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mfuko huo ulianza kutekeleza majukumu yake mwaka 2015. Kampuni ndogo ya ufungaji wa viyoyozi yenye mafundi wachache haikuachwa nje ya wajibu huo.

Gharama yake hukokotolewa kwa asilimia ya jumla ya mishahara ya wafanyakazi. Awali waajiri wa sekta binafsi walichangia asilimia 1. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mchango hulipwa kila mwezi na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kuukata katika mshahara wa mfanyakazi.

Kwa mfano, mkandarasi mwenye mafundi wanne, kila mmoja akilipwa shilingi 500,000 kwa mwezi, ana jumla ya mishahara ya shilingi 2,000,000. Asilimia 0.5 ya kiasi hicho ni shilingi 10,000 kwa mwezi, au shilingi 120,000 kwa mwaka. Iwapo mafundi hao hufunga viyoyozi 20 kwa mwezi, mchango huo ni sawa na shilingi 500 kwa kila kiyoyozi. Kwa hiyo, mteja anayeambiwa kwamba bei imepanda sana kwa sababu ya mchango wa fidia ana haki ya kuomba mchanganuo.

Fundi akianguka na kuvunjika mguu, Mfuko hugharamia matibabu. Kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Fundi wa mfano wetu angepata shilingi 350,000 kwa mwezi. Yapo pia mafao ya ulemavu wa kudumu, utengamao, malipo ya msaidizi kwa asiyejiweza, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wa marehemu. Bila utaratibu huo, mara nyingi mzigo huishia kwa familia: mchango wa majirani, shamba kuuzwa, mtoto kukosa ada.

Ili haki hiyo isipotee, mfanyakazi anapaswa kumjulisha mwajiri mara tu anapoumia, na mwajiri kutoa taarifa kwa Mfuko bila kuchelewa. Kumbukumbu za hospitali, majina ya mashahidi na uthibitisho wa ajira vitunzwe vizuri.

Jambo moja linahitaji kueleweka vyema. Fundi anayejitegemea, anayeitwa kwa simu na kulipwa kwa kila kazi, si mfanyakazi wa yule aliyemwita, hivyo hana kinga hii. Kwake yeye, mkanda wa usalama, ngazi imara na akiba ya dharura ni mambo ya lazima. Msaidizi aliyeajiriwa naye, hata hivyo, ana mwajiri, na mwajiri huyo ni fundi mwenyewe.

Wakazi wanashauriwa, kabla ya kukubaliana bei, kumwuliza mkandarasi maswali matatu: Je, amesajiliwa WCF? Je, michango ya mafundi atakaowaleta imelipwa? Je, wanavyo vifaa vya kujikinga? Mkandarasi makini hatakwazika kwa kuulizwa.

Ajali haina kinga, wahenga walisema. Lakini fidia ina utaratibu, na utaratibu huo huanza kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.