Magugu Nayo Yana Ukoo

Mkulima wa Merigi anazijua kloni mbili, ingawa huenda hajapata kulisikia neno hilo darasani. Ya kwanza ni ile aliyoilipia fedha: miche ya chai, kama ile aina maarufu ya 6/8 iliyochaguliwa na watafiti wa Kericho, ambayo huzalishwa kwa kupanda vipande vya matawi. Ya pili ni ile anayoilaani kila msimu wa palizi, yaani sangari. Kila anapoikatakata kwa jembe, vile vipande vya shina litambaalo chini ya udongo, ambavyo wengi wetu huviita mizizi, huchipua upya. Alidhani ameua mmoja, kumbe amepanda kumi. Katika chai na katika sangari jambo ni lile lile: mtoto ni mama yuleyule, jeni kwa jeni.

Kishona nguo hakifuati njia hiyo. Chenyewe huzaa kwa mbegu, nazo husafiri bure kwenye kaptura za watoto watokao shuleni na kwenye manyoya ya kondoo. Asili yake ni Amerika, lakini leo ni nani kati yetu anayekiona kuwa mgeni?

Nimeanza na mimea hii ya uani kwa sababu sisi, wakulima kwa wasomi, tumezoea kusema kwamba gugu ni gugu tu. Fedha za jembe hupatikana, na za dawa hukopwa. Swali la ukoo wa gugu tunalopigana nalo aghalabu huulizwa mwisho kabisa, na mara nyingi haliulizwi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa linalotugharimu.

Chukua gugu maji. Liliingia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka mbali, kwani kwao ni bonde la Mto Amazon. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2010, uliolinganisha sampuli za sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba katika nchi nyingi zilizovamiwa kloni moja ndiyo iliyotawala. Ni kana kwamba dunia nzima imevamiwa na mmea mmoja uliojigawa. Ufanano huo ni nguvu yake, na pia ni udhaifu wake, kwa maana adui aliyeliweza shina moja ana matumaini ya kuyaweza yote. Wadudu wadogo jamii ya fukusi waliachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, na katika miaka michache gugu lile likapungua mno, ingawa mawimbi na mvua za El Niño nazo zilikuwa na mkono wao. Baadaye lilirudi. Mbegu zake zilikuwa zingali matopeni, na maji yalikuwa yameshiba rutuba. Hapo watu wa Merigi tusijifanye wageni: mito ya Nyangores na Amala huungana kuwa Mto Mara, na Mara huishia katika ziwa hilo hilo, upande wa Tanzania. Udongo na mbolea vinavyotutoka mashambani huenda kulilisha gugu la wenzetu.

Waaustralia walilipa karo kubwa zaidi kwa somo hili. Mwaka 1971 waliingiza kuvu wa kutu ili amalize gugu moja lililosumbua mashamba yao ya ngano. Kuvu alifanya kazi vizuri, lakini gugu lenyewe lilikuwa la aina tatu za urithi, naye aliweza moja tu, ile yenye majani membamba. Ilipofyekwa, ndugu zake wawili wakatwaa nafasi iliyoachwa wazi.

Turudi kando ya ziwa, kwani huko nchi kavu nako kuna balaa. Kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo, hupendelea nchi za joto na hakijazoea baridi yetu. Lakini hakuna gugu linaloonyesha vyema zaidi jinsi jenetiki inavyofanya kazi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi bila kuota. Huamshwa na homoni zinazotolewa na mizizi ya mahindi au mtama. Kisha hujichomeka katika mzizi huo na kunyonya. Homoni ya kwanza ya kundi hilo ilitambuliwa mwaka 1966. Mbona basi mmea umwite mwuaji wake? Jibu lilikuja mwaka 2005: mmea haumwiti yeye, huita kuvu rafiki wa udongoni wanaousaidia kupata fosforasi. Kiduha ni mdukuzi aliyejifunza kuusikiliza wito usiomhusu.

Mtu aliyeshughulikia kitendawili hiki kwa miaka mingi ni Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya mtama. Mwaka 2017 ilitangazwa jeni moja ya mtama iitwayo LGS1. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, mizizi hutoa homoni ya umbo jingine, na mbegu nyingi za kiduha hubaki usingizini. Kwetu Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamekuwa wakitafuta ukinzani hata katika mitama ya porini. Kabla ya hapo, mwaka 2005, wakulima wa magharibi mwa nchi waliletewa mahindi ya Ua Kayongo, yenye jeni ya kustahimili dawa ya magugu ambayo mbegu hupakwa kabla ya kupandwa.

Hata hivyo, nani amesikia kwamba kayongo imekwisha? Tofauti na gugu maji, gugu hili haliwezi kujichavusha; lazima lipate chavua ya jirani. Mmea mmoja huzaa mbegu makumi ya maelfu, na kila mbegu ina mchanganyiko wake wa urithi. Katika umati huo hutazamiwa kuwapo wachache wasiojali hila zetu. Ndiyo sababu mbegu mpya haitoshi pasipo kung'oa na kubadilisha mazao.

Na hapa ndipo hoja inapotufikia sisi wenye pampu za mgongoni. Dawa haizai ukinzani, huuchagua. Anayenyunyiza dawa ile ile kila mwaka huua wanyonge na kuwaachia shamba wachache waliozaliwa na kinga, wazae watakavyo. Australia iliyashuhudia hayo mwaka 1996, nyasi zilipoanza kuhimili dawa ya glaifoseti.

Najua atatokea mwalimu aseme kwamba jenetiki ni ya maabara, na shule yake haina hata bomba la maji. Namwambia kwamba Mendel mwenyewe alikuwa na bustani na subira. Wanafunzi na walete mbegu za kishona nguo kutoka nyumba kumi, wazipande sambamba katika udongo mmoja, wapime kimo, wahesabu majani na siku za kuchanua. Tofauti itakayofutika ilikuwa ya udongo wa nyumbani. Itakayodumu, yamkini ni ya urithi. Kando yake wapande vipande vya sangari kwenye makopo, vingine vyenye kifundo na vingine visivyo nacho, waone vipi vitachipua. Gharama yake ni makopo na daftari. Jambo moja tu wasisahau: kishona nguo king'olewe chote kabla mbegu hazijakauka, wasije wakazibeba tena kwenye kaptura hadi nyumbani.