Betri kubwa ilinirudishia mteja na hasara

Wauzaji wenzangu wa droni ndogo za kurusha ndani, hili lilinikuta. Mteja alilalamika droni yake ya milimita 65 haikai hewani, nikamuuzia betri ya mAh 450 badala ya 300. Akairudisha: nzito, droni inajikokota, dakika zenyewe hazijaongezeka za maana. Nikarudisha hela yote, na nauli ya boda juu yangu.

Siku hizi naulizia plagi kwanza. PH2.0 inabana umeme, mota zikivuta sana volti zinashuka mapema. BT2.0 inapitisha vizuri zaidi. Ila haziingiliani, kwa hiyo omba picha ya plagi kabla hujatuma mzigo.

Na stoo usiziweke zimejaa chaji, zitavimba. Zangu naziacha volti 3.8 hivi.