Rangi ya mawese chini ya kipimo

Mawese ya Walikale hukamuliwa katika joto la msitu. Jibini ya Masisi hutoka kwenye malisho ya vilima vinavyopita mita 2,000. Katika masoko ya Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vyote viwili huuzwa, na rangi zao zina asili moja: karotini. Ng'ombe huila ndani ya nyasi, nayo hupita hadi kwenye mafuta ya maziwa. Mbuzi huigeuza karibu yote kuwa vitamini A, ndiyo maana jibini yake ni nyeupe.

Kilo moja ya mawese mekundu huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini. Lakini jicho halitoshi kuithibitisha. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana iligundua Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula, ndani ya mawese yaliyouzwa Accra.

Dawa ya udanganyifu huo ni kutenganisha kwanza, kupima baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa Warsaw, Mrusi Mikhail Tsvet alipitisha rangi za majani kwenye bomba la chokaa. Kijani na njano zikaachana. Siku hizi kibao cha sentimita chache kilichopakwa silika kinatosha. Tone la mafuta huwekwa karibu na ukingo wa chini, kisha ukingo huo huchovywa kwenye kiyeyushi, ambacho hupanda chenyewe. Karotini haishikamani na silika, kwa hiyo hutangulia. Sudan IV hubaki nyuma. Ni kazi ya dakika chache, bila umeme.

Hapo ndipo mwanga unapoingia. Beta-karotini hufyonza zaidi mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi. Sudan IV hufyonza zaidi karibu na 520. Kampuni ya Ujerumani BioAnalyt hutengeneza iCheck Carotene, kifaa cha mkononi cha kupimia karotini katika vyakula kama maziwa na mawese. Ni msaada mkubwa, ila kipimo cha mwanga peke yake hutoa kiasi tu, hakitaji kilichofyonza mwanga huo. Mawese yaliyotiwa rangi yanaweza kuonekana bora kuliko halisi. Kwa hiyo kibao, kwa bei yake ndogo, kisiachwe kamwe.

Karotini huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Sampuli ya kwenda maabara ya mbali inahitaji chupa ya giza iliyojaa hadi mdomoni, na barabara ya Walikale haina haraka. Vifaa hivi vidogo huwezesha mafuta kupimwa palepale yanapokamuliwa, siku ileile.