Reli Ililindwa, Wakasigau Wakahamishwa

Wengi wetu Maungu tunaijua kwa malori. Ukitoka Voi kuelekea Mombasa, kama kilomita 30 hivi, madereva wanaegesha, wanakula, wanalala, kisha safari inaendelea. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, hapa palikuwa na kambi ya jeshi. Kisa? Reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Barua, abiria na mizigo ya bara, vyote vilipita njia hiyo moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanzania bara ya leo waliiteka Taveta mwezi Agosti. Hesabu yao haikuwa ngumu: ukikata reli, umekaba koo la Nairobi. Basi vikosi vidogo, vingi vikiwa na askari Waafrika, vikawa vinavuka nyika na baruti mgongoni, kiu ikiwatesa, ili kulipua reli usiku.

Waingereza wakaweka wanajeshi kulinda stesheni na madaraja. Mwaka 1915 wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Maktau, wajiandae kuirudisha Taveta.

Sasa angalia kusini mwa Maungu. Ule mlima mrefu ni Kasigau. Una maji, na ukiwa juu yake unaiona nyika yote. Kila jeshi liliutaka. Mwaka 1915 Wajerumani walishambulia kituo cha Waingereza pale na kukiteka. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha adui njia. Adhabu haikumlenga mtu mmoja. Jamii nzima iling'olewa mlimani na kupelekwa Malindi, mbali na mashamba yao. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi Kasigau miaka ya 1930, watoto waliotoka mlimani wakiwa tayari watu wazima.

Vita vya wageni wawili, bili ikalipwa na mwenye nyumba.

Leo Voi kuna makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, yametunzwa vizuri. Habari za waliofia Malindi utazipata kwa wazee wa Kasigau. Siku basi lako likisimama Maungu, weka simu chini kidogo, uutazame huo mlima. Na kama una babu au nyanya wa huko, muulize mapema. Mrekodi kabisa.