Mtoto Asiyesoma Si Mtoto Asiye na Akili



Ndugu wasomaji, wiki hii tunawaletea habari ya mvulana mmoja wa jamaa zetu, ambaye wazazi wake walitoka Mombasa wakaenda kukaa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kwa ajili ya kazi. Jina lake hatulitaji, kwani heshima ya mtoto ni amana. Mamake ametupa idhini ya kuieleza habari hii, akitumai kwamba mzazi mwingine hatachelewa kama alivyochelewa yeye.

Kijana huyo alipokuwa na umri wa miaka 11, alikuwa ameshahifadhi Juzuu Amma nzima. Sauti yake ilikuwa nzuri na matamshi yake safi. Siku moja maalim aliufungua msahafu, akaweka kidole katikati ya sura, akamwambia asome kuanzia hapo. Mtoto akanyamaza. Kisha akaianza sura tangu mwanzo wake, kwa haraka, akitaraji kwamba atafika pale penye kidole. Hapo maalim akafahamu kwamba mtoto hakuwa akisoma herufi hata moja. Yote aliyoyajua aliyajua kwa ghibu. Wenzake wakacheka. Akaitwa mdanganyifu.

Shuleni nako mambo yalikuwa yale yale. Neno alilolisoma juu ya ukurasa lilimshinda alipolikuta tena chini yake. Katika insha moja aliliandika neno moja kwa namna tatu. Ripoti zake zilirudi nyumbani zikiwa na neno "mvivu", na babake alipoziona alimchapa. Usiku mmoja, kabla ya kulala, mtoto akamwuliza mamake: "Mama, kwani mimi sikupewa akili?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Tatizo hili ni lipi?

Hali aliyokuwa nayo mtoto huyu huitwa disleksia. Neno hilo lilitungwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, katika miaka ya 1880. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la utabibu habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na asiyeona taabu katika hesabu, lakini kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kwamba kijana huyo angewashinda wote shuleni lau masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Basi jambo hili si geni, wala halikuzuka kwa sababu ya simu au malezi ya siku hizi.

Disleksia si maradhi ya macho, wala si upungufu wa akili. Neno tunalolitamka limefumwa kwa sauti ndogo ndogo, na kusoma ni kuziunganisha sauti hizo na herufi. Mwenye disleksia huona uzito katika kuzitenga sauti hizo, kuzikumbuka na kuzipatanisha na maandishi. Anachokielewa kwa kusikia huenda kikawa kingi kuliko cha wenzake. Mlango wa maandishi ndio mwembamba kwake. Hali hii aghalabu huandama koo, ikaonekana kwa mzazi, mjomba au shangazi kabla ya kuonekana kwa mtoto.

Sisi wa Mwambao tunapaswa kulielewa jambo moja zaidi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto mwenye disleksia aweza kukisoma, ingawa polepole na kwa kuchoka. Kiingereza, ambacho sauti moja huandikwa kwa namna nyingi, ndicho humfichua. Mzazi huona mwanawe anasoma Kiswahili, akadhani kwamba Kiingereza anakikataa kwa ukaidi. Nako madrasani, herufi za ba, ta na tha zina umbo moja linalotenganishwa na nukta, na jim, ha na kha vile vile. Mtoto wetu hubeba maandishi mawili, moja likienda kulia na jingine kushoto. Kwa wengi huo ni utajiri. Kwa huyu ni mzigo unaohitaji mkono wa kumsaidia.

Yafaa pia tusikosee upande wa pili. Katika Kajiado wako watoto wengi wanaozungumza Kimaasai nyumbani, kisha wakakutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Kwetu wako wanaoanza kwa Kigiriama, Kidigo au Kibajuni. Mtoto anayechelewa kwa sababu lugha ni ngeni kwake hahesabiwi kuwa na disleksia. Huyo, akishaizoea lugha, husonga mbele. Mwenye disleksia hupata taabu ya sauti na herufi hata katika lugha aliyonyonya nayo.

Dalili za kuangaliwa

Kwa mtoto mdogo, angalia kama anashindwa kutambua maneno yenye vina, kama siku za juma hazishiki kwa mpangilio, na kama majina ya herufi humpotea kila uchao. Kwa mtoto wa shule ya msingi, angalia kama anakisia neno kwa kuitazama herufi ya kwanza tu, kama kunakili kutoka ubaoni humchukua muda mrefu, na kama maagizo matatu yakitolewa pamoja hulikumbuka moja. Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa kila anayeanza. Likiendelea kwa miaka ndipo litiliwe maanani. Kwa kijana wa sekondari, dalili kubwa ni tofauti baina ya anavyosema na anavyoandika: mdomoni ana hoja nzito, lakini karatasi yake haina kitu. Wengi wa rika hilo huwa wamejifunza kujificha. Huugua tumbo siku ya kusoma kwa sauti, hufanya mzaha darasani, au huacha shule.

Kabla ya yote, macho na masikio yapimwe, ili tujue kwamba kizuizi hakiko huko. Kisha mtoto apelekwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu. Vituo hivyo vya serikali vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, navyo hupima mahitaji ya mtoto na kumshauri mzazi na mwalimu. Iko pia Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi, ambayo hufundisha walimu na kupima watoto.

Funzo la Kitengela

Mamake mvulana wetu aliisikia habari ya disleksia kwa mara ya kwanza kutoka kwa jirani. Alimweleza kwamba huko huko Kitengela iko shule iitwayo Rare Gem Talent School, inayowafundisha watoto wenye hali hii, nayo inahusiana na chama cha Dyslexia Organisation Kenya, kinachowaelimisha wazazi na walimu juu yake. Jina la shule hiyo maana yake ni johari adimu yenye kipaji. Mama huyo anasema kwamba alikuwa hajamsikia mtu hata mmoja akimwita mtoto wa namna ya mwanawe johari.

Hakuweza kumhamishia huko, kwani mtoto alikuwa na ndugu wengine wanne wanaosomeshwa. Lakini kujua kwamba ipo shule ya namna hiyo kulimtosha kujua kwamba mwanawe hayuko peke yake, na kwamba watoto wa namna yake hufundishika. Nasi twasema: shule moja, au hata kumi, haziwezi kuwachukua watoto wote wa Kenya wenye disleksia. Wengi wao watabaki katika shule za kawaida, madrasa za kawaida na nyumba za kawaida. Basi huko ndiko kwa kutengenezwa.

Nyumbani

Jambo la kwanza ni kuondoa matusi. "Mjinga", "mzito", "mvivu": maneno haya hayajamfundisha mtoto yeyote kusoma.

Jambo la pili ni kufundisha kidogo kidogo kila siku. Dakika 15 au 20 za utulivu baada ya chakula ni bora kuliko saa mbili za machozi siku ya Jumapili. Anza na sauti kabla ya herufi. Mwache mtoto apige makofi kwa kila silabi: ki-ta-bu. Mchezo wa kinyume waliokuwa wakiucheza wazee wetu, ambao silabi ya mwisho huletwa mbele, kitabu kikawa bukita na samaki akawa kisama, ni mazoezi mazuri mno, kwani humlazimisha mtoto kulivunja neno na kulijenga upya. Vitendawili na hadithi navyo humpa msamiati ambao vitabu bado havijampa.

Kisha iunganishe sauti na herufi kwa macho, masikio na mkono kwa pamoja. Aichore herufi mchangani au kwenye sinia la unga, huku akiitamka sauti yake. Njia hii ya kutumia hisi nyingi ilipangwa huko Marekani tangu miaka ya 1930 na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, na hadi leo mafunzo mengi ya disleksia yamejengwa juu yake. Wanafunzi wa vyuo vyetu vya kale, walioandika aya juu ya ubao huku wakizisoma kwa sauti, hawakuwa mbali nayo.

Wakati wa kusoma kitabu, funika mistari ya chini kwa kipande cha karatasi ili macho yatulie. Soma wewe sentensi moja, naye aifuate kwa kidole, kisha aisome yeye. Na kwa masomo mengine, kama sayansi na historia, msomee au mrekodie kwa simu, ili elimu isimpite kwa kungojea kusoma kukamilike. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa sauti kwa wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na wenye disleksia ni miongoni mwao.

Madrasani na shuleni

Enyi maalim wetu, mnajua kwamba Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa anayeisoma Qur'ani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi mwenye ujira mara mbili asichekwe mbele ya wenzake. Mtoto anayehifadhi kwa kusikia na aendelee kuhifadhi kwa kusikia, na herufi afundishwe pembeni, chache chache, zenye kufanana zikitenganishwa kwa siku kadhaa.

Kwa walimu wa shule, tunaomba mambo machache yasiyo na gharama: mtoto akae mbele, asiitwe kusoma kwa sauti bila kuandaliwa, apewe nakala ya maelezo ya ubaoni, na aulizwe kwa mdomo anachokijua, kabla ya kuhukumiwa kwa tahajia. Tunakumbusha pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa na hata kuteswa nafsi yake. Kiboko hakiwezi kuunganisha sauti na herufi.

Kwa wazazi wa watahiniwa, jueni kwamba Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada. Maombi hupitia shuleni, nayo huhitaji tathmini. Mwulizeni mwalimu mkuu mapema. Msingoje muhula wa mtihani.

Amefika wapi?

Mvulana wetu sasa ana miaka 15. Hatutaki kuwapa matumaini ya uongo: angali anasoma polepole, na tahajia yake ingali na makosa. Disleksia haiponi, mtu hujifunza kwenda nayo. Lakini anasoma. Dadake humrekodia masomo ya sayansi, na katika somo hilo amekuwa miongoni mwa wanaowafafanulia wenzake. Maalim wake, ambaye alimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka, humketisha kando yake nusu saa kabla ya wengine kufika. Mwaka jana alisoma ukurasa mmoja wa msahafu kwa macho, kidole kikitembea herufi kwa herufi.

Aliyeguswa zaidi ni babake. Alipoelezwa dalili za disleksia alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata yeye aliacha shule darasa la sita kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba maisha yake yote alijiona mjinga. Alikuwa akimchapa mwanawe kwa kosa ambalo halikuwa kosa, naye mwenyewe alichapwa kwalo. Siku hizi wawili hao husoma pamoja jioni, mstari kwa mstari, na haijulikani ni nani anayemfundisha mwenzake.

Ndugu wasomaji, huenda katika nyumba yako yumo mtoto anayejiuliza swali lile lile kimyakimya. Mjibu kabla hajajijibu mwenyewe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu, na sisi atupe subira ya kuingia pamoja nao.

Wabillahi tawfiq.