Neno la Kilatini Mensa na Uzao Wake

Katika Kilatini neno mensa lilikuwa na maana tatu zilizokaribiana: meza ya kulia, chakula kilichoandaliwa juu yake, na meza ya mtu mwenye kubadili fedha. Waandishi waliliandika kwa n, lakini katika usemi wa watu n hiyo ilipotea mapema, kama ilivyokuwa desturi yake mbele ya s. Orodha ya kale iitwayo Appendix Probi yawaonya wasomaji waseme mensa, wasiseme mesa. Onyo hilo halikufaa kitu, kwa kuwa kosa ndilo lililorithiwa. Kihispania na Kireno husema mesa, na Kirumania husema masă, neno ambalo hata leo lina maana ya meza na ya mlo pia. Mensis, yaani mwezi, lilipatwa na hali iyo hiyo, likawa mese kwa Kiitalia na mês kwa Kireno.

Lakini Kiitalia kina neno mensa lenye n kamili, nalo ni ukumbi wa kulia wa wanafunzi au wafanyakazi. N hiyo ndiyo ushahidi kwamba neno halikupokewa kinywa kwa kinywa, bali liliazimwa upya kutoka vitabuni. Meza ya nyumbani ni tavola au tavolo, na kwa Kifaransa table, yote kutoka tabula, yaani ubao. Basi nchi za kati zilichukua neno jipya, na zile za pembeni, magharibi na mashariki, zikashika la zamani. (Wakatalani, ingawa ni majirani wa Wahispania, wameandamana na Wafaransa: wao husema taula.)

Jambo hili lawahusu pia wachunguzi wa Kiswahili. Neno meza huhesabiwa pamoja na bandera na leso kuwa la Kireno. Lakini Kiajemi kina miz na Kiurdu kina mez, na mtu aweza kudai kwamba lilipitia huko. Z peke yake haiamui, maana Wareno nao hutamka s iliyo kati ya vokali kama z. Irabu ya mwisho ina nguvu zaidi. Maneno ya kigeni yaishiayo kwa z kwa kawaida yamepewa i: Kiarabu lawz limekuwa lozi, na hirz limekuwa hirizi. Kwa njia hiyo mez lingalitarajiwa kuwa mezi. Hiyo a ya meza yaelekea kuwa ya Kireno. Kitenzi kumeza hakimo katika shauri hili: hicho ni cha Kibantu, na kufanana kwao kumetukia tu.