Mapafu yanayotibiwa nje ya mwili kabla ya kupandikizwa

Mtoto akianguka na kuchubuka goti, mzazi anajua kitakachofuata. Goti litavimba, litapata joto, litauma hata likiguswa kidogo. Ni kinga ya mwili imekimbilia jeraha, na baada ya siku chache hutulia.

Ndani ya pafu, uvimbe wa aina hiyo ni habari nyingine. Maji huvuja na kujaa kwenye vifuko vidogo vya hewa, na mtu hukosa pumzi.

Hapo ndipo penye tatizo la mapafu ya kupandikiza. Ubongo wa mchangiaji unapokufa huku mashine ikimpumulia, mwili humwaga kwenye damu kemikali nyingi zinazoamsha kinga. Ongeza maambukizi, au matapishi yaliyoingia kifuani wakati wa ajali. Kisha mapafu hukaa kwenye ubaridi bila damu, na damu ya mgonjwa inapoingia, uvimbe huwaka upya. Saa 72 za kwanza ni za roho mkononi.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: mapafu yenye shaka yaachwe. Mengi yakaachwa. Fikiria mzazi aliyekubali, katikati ya msiba, viungo vya mwanawe vitolewe, halafu mapafu yasitumike, huku mzazi mwingine akisubiri simu ya hospitali.

Mwaka 2000, huko Lund, Sweden, timu ya Profesa Stig Steen ilipandikiza pafu lililopimwa kwanza nje ya mwili. Madaktari wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Shaf Keshavjee, wakaiendeleza njia hiyo. Mapafu huwekwa ndani ya chombo chenye kifuniko, kwenye joto la nyuzi 37, yakipumuliwa na mashine huku maji maalumu yenye dawa ya kutuliza uvimbe yakipita kwenye mishipa yake. Saa nne hivi zinatosha kuona kama yanapata nafuu.

Matokeo ya wagonjwa 20 yalichapishwa mwaka 2011. Asilimia 15 walipata hitilafu kubwa ya pafu jipya baada ya siku tatu, dhidi ya asilimia 30 ya waliopewa mapafu ya kawaida. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema njia mpya ni bora. Lakini haya yalikuwa mapafu yaliyotiliwa shaka. Kulingana tu na mazima si jambo dogo.

Sasa kazi ni kuyatibu hasa. Mwaka 2009 timu ya Toronto ilitumia kirusi kilichobadilishwa kuingiza jeni ya IL-10, protini inayotuliza kinga, kwenye mapafu ya binadamu yaliyokataliwa. Yalifanya kazi vizuri zaidi, ingawa hayakupandikizwa kwa mtu. Lund nako wamejaribu kwa nguruwe chujio linalonasa kemikali za uvimbe, kwanza pafu likiwa kwenye mashine, kisha tena baada ya kupandikizwa.